Kuishi ndani ya yoti Kilifi: tulichopata na tulichotoa

Bei ya kununulia chombo ndiyo fedha iliyotuuma kidogo kuliko zote, kwa sababu ililipwa mara moja na tulijua mapema kiasi chake. Yaliyofuata hayakuwa na risiti moja wala mwisho unaojulikana. Mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kiume tuliishi ndani ya yoti ya futi 34 katika hori ya Kilifi, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi tulipoiuza katikati ya 2024, na hadi leo hakosekani mtu wa kuniuliza kama na yeye auze kiwanja chake anunue chombo cha kuishi. Jibu langu huwa refu, kwa hiyo nimeona afadhali niliandike mara moja, pamoja na hesabu zake.

Hatukuwa matajiri wala mabaharia wa kusifiwa. Mume wangu ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Alikulia katika ngalawa ya babu yake, kisha akafanya kazi ya umeme wa meli kwa miaka mingi huko Ghuba kabla ya kurudi Mombasa na akiba ya wastani. Mimi ni mhasibu, na kazi zangu nyingi huzifanya kwa intaneti. Tulichoka kulipa kodi ya nyumba Nyali, na yeye alikuwa na hamu ya kurudi baharini kwa namna ambayo familia ingeweza kwenda naye. Ujuzi wa ngalawa ulimsaidia sana kusoma upepo na maji, lakini ngalawa hupita kwenye maji ya magotini, ilhali mkuku wa yoti yetu, yaani uti wake wa chini, ulizama mita 1.7, na tofauti hiyo inabadilisha karibu kila uamuzi wa nahodha.

Kilifi tuliichagua kwa sababu. Hori yake ina kina, imekingwa na mawimbi, na ukishapita mlango wa mwamba maji hutulia hata kusi, upepo utokao kusini, ikivuma kwa nguvu. Kwa miongo mingi wageni wanaovuka Bahari ya Hindi wamekuwa wakitia nanga humo, wengine kwa majuma machache, wengine mpaka uzeeni. Hofu ya maharamia iliwapunguza sana kuanzia 2008 hivi, na hata mashambulizi yalipopungua, eneo la hatari lililochorwa na mashirika ya meli liliendelea kuwepo hadi lilipofutwa tarehe 1 Januari 2023. Vyombo vizuri vilikaa horini bila wanunuzi, na janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, baadhi ya wenyewe walibaki Ulaya wakiwalipa walinzi wa mali wasiyoiona. Chetu kilikuwa kimojawapo: cha faiba, kilichoundwa 1981, mlingoti mmoja, injini ya dizeli ya silinda tatu, na mwenyewe alikuwa mstaafu aliyetaka kupumzika na jambo hilo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa 1981 kimeshaundwa upya mara nyingi, na mafundi wa kila aina. Kabla ya kulipa chochote tulimleta mkaguzi wa vyombo, tukakubaliana na mwenye mali kwamba chombo kipandishwe pwani wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4 siku hizo, na hiyo ni neema ambayo mabaharia wa Mediterania hawanayo. Unakisogeza chombo mchangani maji yakijaa, unakiegemeza kwa nguzo, maji yakipwa kinabaki kikavu kwa saa kadhaa, na tumbo lake lote unaliona bila kulipia kreni.

Mkaguzi aligonga ubavu mzima kwa nyundo ndogo ya plastiki, shibiri kwa shibiri, akisikiliza: faiba nzima hutoa mlio mkavu, iliyonywa maji hutoa sauti nzito iliyofifia. Alipata malengelenge karibu na mkuku, ambayo mara nyingi hayaui chombo. Alipata vali mbili za chini ya maji zilizoganda, ambazo zinaweza kukiua, kwa kuwa mpira ukipasuka na vali haifungiki, bahari inaingia ndani bila kizuizi. Kisha akapanda mlingotini, akashuka na habari kwamba nyaya za chuma zinazoushikilia zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20. Nyaya hizo hushauriwa kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15, maana chuma cha pua hupata nyufa ndani ya viungo vyake kabla ya kuonyesha kutu kwa nje. Ripoti yake ilishusha bei kutoka shilingi milioni 2.7 za Kenya hadi milioni 2.4. Muuzaji akikuambia chombo hakihitaji kukaguliwa kwa sababu kimezunguka dunia, amekueleza tu jinsi kilivyochakaa.

Karatasi zilitushughulisha kuliko faiba. Chombo kilichosajiliwa nje na kuletwa na mgeni kwa kawaida huwa nchini kwa kibali cha muda, bila kulipiwa ushuru. Mkazi akikinunua, mzigo wa ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 16 unamwangukia yeye, tena kwa thamani itakayokubaliwa na forodha, ambayo si lazima iwe ile mliyoandikiana na muuzaji. Tulimlipa wakala wa forodha atupigie hesabu hiyo kabla ya kukubali bei, na ushauri wake ulikuwa wa faida kuliko wowote tulioupata nchi kavu. Kabla fedha hazijatoka benki tulidai hati ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shahidi, uthibitisho kwamba chombo hakina deni, na hati ya kufutwa katika daftari la usajili la nchi ya awali, kwa kuwa bila hiyo ya mwisho usajili mpya unakwama. Baada ya hapo ndipo zikaja taratibu za KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini nchini Kenya. Kwa msomaji wa Tanzania Bara kazi hiyo iko kwa TASAC, na Zanzibar ina mamlaka yake yenyewe.

Mwaka wa kwanza tulitumia shilingi 1,150,000 juu ya bei na ushuru. Nyaya za mlingoti ziliagizwa Afrika Kusini na gharama ya kuzisafirisha ikakaribia nusu ya thamani yake. Tanga kubwa lilishonwa upya, kwa sababu jua la ikweta hula uzi kabla ya kitambaa. Zikaja betri, paneli za sola, pampu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika), vali mpya, mnyororo wa nanga. Baadaye hesabu ilitulia kwenye wastani wa shilingi 38,000 kwa mwezi, ukijumlisha boya la kufungia chombo, mlinzi, dizeli, gesi, rangi ya tumboni na vipuri, wakati ambapo nyumba ya vyumba viwili upande wa Mnarani tungeipata kwa 25,000 hadi 30,000. Mabaharia wengi hufuata kanuni ya kutenga kila mwaka sehemu ya kumi ya bei ya chombo kwa matengenezo. Kwetu matumizi yalikuwa karibu maradufu ya hapo, na sababu yake ni rahisi: pampu haijui kwamba ulinunua chombo kwa bei ya kutupa. Pampu ya chombo cha milioni 2 na ya chombo cha milioni 10 huuzwa bei moja. Bandu bandu huisha gogo, na gogo letu lilikuwa akiba ya Ghuba.

Kwa hiyo anayehamia chomboni kwa kukimbia kodi ya nyumba amekosea hesabu. Ziko sababu nzuri za kuhamia, ila hiyo si mojawapo.

Maisha ya kila siku yanahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa picha za machweo hazionyeshi madumu. Tangi letu lilikuwa la lita 280. Sisi watatu tulijizoesha kutumia lita 40 kwa siku, maana yake kila juma kulikuwa na safari za kidau zenye madumu ya lita 20 kutoka bombani hadi chomboni, na kila dumu hupandishwa kwa mkono. Vyombo vilioshwa kwa maji ya bahari, vikasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji yasiyo na chumvi. Nguo ndiyo iliyonishinda zaidi. Ukiifua kwa maji ya chumvi haikauki kamwe, kwa sababu chumvi inayobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewa usiku, na asubuhi unavaa nguo mbichi. Nikaishia kupeleka mafurushi kwa dobi mjini, gharama ambayo sikuiweka katika bajeti yoyote. Umeme, kwa upande mwingine, ulikuwa raha tupu: paneli za wati 400 ziliendesha friji, taa, feni na kompyuta yangu karibu mwaka mzima, na ni majuma ya masika tu yaliyotulazimisha kuwasha injini ili kuchaji betri. Mwenzangu fundi umeme aliona fahari ya haki siku ambazo Kilifi nzima ilikuwa gizani.

Gesi ya kupikia inastahili aya yake. Ni nzito kuliko hewa. Katika nyumba ya nchi kavu ikivuja inaweza kutambaa hadi nje kupitia chini ya mlango, lakini chomboni hushuka hadi ngamani na kukusanyika pale, ambapo cheche ya swichi ya pampu inatosha kulipua kila kitu. Mtungi wetu ulikaa nje, kwenye sanduku lenye tundu la kumwaga gesi baharini, na valvu yake ilifungwa kwenye mtungi wenyewe kila baada ya kupika, hata kama ni chai. Mgeni aliyekuja kula kwetu alionyeshwa valvu hiyo kabla ya kuonyeshwa choo. Boksi za karatasi nazo hazikuruhusiwa kupanda, kwa kuwa mende hutaga mayai kwenye mikunjo yake, na mende akishaingia chini ya mbao za sakafu utaishi naye.

Mtoto wetu alianza darasa la pili tukiwa horini. Sare yake, viatu na vitabu vilisafiri ndani ya pipa dogo la plastiki la buluu lenye mfuniko wa kukazwa kwa pete, naye akakaa juu yake akiwa na kaptura na jaketi la kuokolea, akabadilisha nguo kwenye banda la wavuvi pale pwani. Maji yakipwa ya bamvua asubuhi, kidau hakikufika ngazini, na sehemu iliyobaki tuliitembea matopeni, baba mtu akiwa na pipa begani. Tukifika tumechelewa, mwalimu wake alikuwa ameshajua sababu, kwa kuwa nilimpa jedwali la maji kupwa na kujaa, akalibandika kando ya rejista. Mtoto mwenyewe hakuona shida yoyote. Alijua kuogelea kabla ya kujua kuendesha baiskeli, na alipofika umri wa miaka tisa aliweza kukuambia kwa kuutazama mwezi kama leo ni bamvua au maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana.

Watu wa nyumbani walilipokea jambo hili kila mmoja kwa tabia yake. Mama mkwe alinipigia simu kutoka Wete akaniuliza, "Mwanangu, dago hili mtakaa mpaka lini?" Kwake kuishi chomboni ni kazi ya wavuvi waliohama kufuata samaki, wanaume watupu, na mwisho wa msimu wanarudi kwa wake zao. Sikumlaumu. Sehemu tuliyoishi ilikuwa kama mita 10 kwa 3, na hapo uondoe omo (sehemu ya mbele ya chombo), mlingoti na injini. Ugomvi mdogo wa mume na mke hauna pa kwenda kupoa. Nahodha wengi chombo huenda mrama, nasi tulikubaliana mapema kwamba nanga ikishang'oka neno la mwisho ni lake hadi nanga itakapotiwa tena, na kwamba kabla ya kuondoka yeyote kati yetu anaweza kusema "leo hatuendi" bila kutakiwa kutoa sababu. Nililitumia neno hilo zaidi yake, na sioni aibu.

Lakini jambo kubwa nililojifunza, na ambalo wauzaji hawalisemi, ni kwamba chombo kinachokaa ndicho kinachokula. Kiache horini bila kusogea kwa majuma machache, tumbo lote linaota mwani. Ongeza miezi, chaza wanakaa juu ya mwani, na propela inageuka donge la makome lisiloweza kusukuma maji. Matanga yaliyokunjwa hushika kuvu. Duara la nanga, la kuvutia mnyororo, hukwama kwa kutu. Injini isiyowashwa hupata kutu kwenye mfumo wa maji ya kupozea. Jirani zetu kadhaa walikuwa na vyombo visivyotoka mlangoni kwa miaka, na nilipolinganisha matumizi yao na yetu nikaona hatutofautiani sana, isipokuwa sisi tulikuwa tumefika Pemba na wao walikuwa wamelipia nyumba finyu yenye unyevu. Gharama haipungui kwa kutosafiri. Anayejua kwamba kazi yake haitamruhusu kuondoka hata msimu mmoja kwa mwaka akodi chumba chenye dirisha la baharini, kitamfaa zaidi.

Somo la dizeli lilitufika kwenye mlango wa hori. Tangi likiwa nusu katika hewa ya joto na unyevu, maji hujitonesha ndani yake na kutuama chini, na kwenye mpaka wa maji na dizeli vijidudu huzaliana na kutengeneza utelezi mweusi. Chombo kikitulia uchafu huo unatulia nao. Ukitoka kwenye mwamba na kukutana na mawimbi ya kusi, tangi zima linatikisika, chujio linaziba, injini inakufa mahali pabaya kuliko pote. Ndivyo ilivyokuwa. Kulia na kushoto mawimbi yalikuwa yakivunjika mwambani, injini ikakohoa ikanyamaza, na kilichotusaidia ni kwamba tanga la mbele lilikuwa tayari, limefungwa kwa kamba moja tu. Nililifungua, mume wangu akageuza usukani, upepo ukatupiga kwa nyuma na kuturudisha ndani ya hori bila maneno mengi. Jioni ile tulivuta mafuta kutoka chini ya tangi hadi kwenye chupa ya plastiki, tukaiweka mezani: juu dizeli ya rangi ya chai, katikati ukoga mweusi uliokuwa ukining'inia vipande vipande, chini maji. Tangu hapo tangi lilijazwa kila tuliporudi, tukafunga chujio la awali lenye bakuli la kioo ili uchafu uonekane kabla haujafika mbali, vipuri vya chujio vikawa kwenye droo ya karibu, na hatukupita mlango wowote wa mwamba bila tanga lililo tayari kufunguliwa.

Sasa niseme faida, kwa kuwa zipo na ni kubwa. Tulisafiri kwa kalenda ile ile ya majahazi. Mwezi wa Januari, kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikiwa imetulia na bahari haina ghadhabu, tulielekea kusini: Kilifi hadi Mombasa, Mombasa hadi Shimoni, ambako tuligonga mihuri ya kutoka Kenya, kisha Tanga kwa taratibu za kuingia Tanzania. Ofisi hizo zilitaka nakala nyingi za kila kitu, orodha ya watu, hati ya chombo, pasi za kusafiria, hata za mtoto, na tulijifunza kubeba nakala za ziada pamoja na uvumilivu wa nusu siku. Kutoka Tanga hadi Mkoani ni karibu maili 36 za baharini kuvuka mkondo wa Pemba, ambao katikati yake una kina cha mamia ya mita na rangi ya buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi. Upepo ulikuja kwa ubavuni, chombo kikalala kidogo na kutulia, na kwa saa nyingi hakuna aliyegusa injini. Tuliondoka kabla ya alfajiri kwa makusudi, ili tufike jua likiwa juu, maana miamba ya Pemba huonekana kwa rangi ya maji na rangi hiyo haionekani jua likiwa usoni.

Kutia nanga Pemba ndiko kulikonifundisha hesabu ambayo hapo awali niliiona ya wasomi. Sehemu nyingi kina hushuka ghafla kutoka kwenye mwamba, na unalazimika kutia nanga kwenye maji ya kina kuliko unavyopenda. Kanuni ni kwamba mnyororo uwe angalau mara tano ya kimo, lakini kimo hicho hakipimwi kwa maji unayoyaona wakati huo. Chukua mita 6 za maji yaliyopwa, ongeza mita 3.5 zitakazojaa usiku, ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo: ni mita 10.5, na mnyororo unaohitajika ni zaidi ya mita 52. Chombo tulichonunua kilikuja na mita 30. Aliyetia nanga maji yakiwa yamepwa na kumwaga mita 30 alidhani yuko salama, na saa nane za usiku nanga yake ilikuwa ikiburuta mchangani huku yeye akikoroma. Tuliliona likimpata jirani huko Wasini, akaokolewa na wavuvi waliokuwa wakienda kutazama nyavu zao, nasi tulikuwa tumeshanunua mita 60.

Tulikaa Pemba mpaka kaskazi ilipochoka. Mtoto alikaa na bibi yake, akasoma chuo cha Kurani cha jirani, akarudi anaongea Kipemba cha kunishinda. Tulipita Misali, kisiwa cha hifadhi upande wa magharibi, ambako maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba kivuli cha chombo kilionekana chini mchangani kikiwa na mlingoti wake. Kusi ilipoanza mwezi wa Aprili tulirudi kaskazini na upepo nyuma pamoja na mkondo wa pwani, ambao huenda kaskazini na kupata nguvu msimu huo hadi kufikia fundo 3 au 4, yaani maili 3 au 4 za baharini kwa saa. Mkondo huo ukiwa nawe, safari inakuwa ya zawadi. Ukiwa kinyume chako, usijaribu. Kuna watu waliotoka Kilifi mwezi wa Julai kwenda Zanzibar kwa sababu likizo yao ilikuwa Julai. Chombo kinachokwenda fundo 5 kikibisha dhidi ya kusi, huku mkondo ukikirudisha fundo 3, asubuhi kinaona mnara ule ule kilioulalia jana. Waliishia Mombasa, wakapanda basi.

Kuhusu tufani, pwani yetu iko karibu na ikweta na kwa kawaida imesalimika, jambo linalowafanya wengi wakae bila kamba za akiba. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja hadi Mafia, na ingawa Kilifi haikuwa kwenye njia yake, tahadhari za upepo na mawimbi zilitolewa hadi kwetu. Tuliongeza kamba mbili kwenye boya, tukashusha matanga yote, tukalala nchi kavu kwa rafiki. Chombo kilibaki salama. Bima tulikuwa nayo ya madhara kwa wengine tu. Bima kamili ya chombo cha zaidi ya miaka 40 iliombwa kwa ada ambayo kwa miaka michache ingenunua kingine.

Wakati huo tulikuwa tumeshatangaza kuuza. Mtoto alikuwa akikaribia madarasa ambayo utoro wa miezi mitatu kila kaskazi haungevumilika, na kazi zangu ziliongezeka kiasi cha kutuzuia kusafiri, yaani tulikuwa tunaelekea kuwa kama wale majirani. Kuuza kulichukua karibu mwaka mzima. Watazamaji walikuwa wengi, wenye fedha wachache, na kilichotutofautisha na vyombo vingine vya horini ni faili: stakabadhi ya ushuru, usajili wa Kenya, ripoti ya ukaguzi, risiti za nyaya na tarehe ya kila chujio lililobadilishwa. Mnunuzi, mtu wa Nairobi, alilipa milioni 2.6. Ukitoa ushuru tuliolipa, matengenezo ya mwanzo na gharama za kila mwezi, tulipoteza fedha ambazo zingetulipia kodi ya nyumba nzuri kwa muda wote ule na kubakiza. Nikiambiwa nirudie, ningekubali kwa miaka ileile na si zaidi, na kwa sharti la kusafiri kila kaskazi.

Mnunuzi alitaka kuhamia na familia yake mwezi ule ule wa mauzo, Julai. Tulimshauri asubiri hadi Novemba, kusi iishe na bahari itulie, na katika miezi hiyo asafishe tangi la dizeli, abadilishe mipira ya vali za chini ya maji ambayo sisi tulikuwa bado hatujaigusa, na alale chomboni yeye mwenyewe kwanza, hasa usiku wa mvua, ajue dari linavuja wapi kabla ya mkewe kujua.